Breki Kwanza, Ngao Baadaye: Somo la Kuboresha Pikapu ya Shambani

Najua wengi mmezoea nikiandika habari za mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo tunaingia gereji. Sababu ni moja tu: zao likishavunwa bado halijawa pesa. Linakuwa pesa likifika sokoni salama, na aliyelibeba akirudi nyumbani salama.

Kila msimu wa mavuno naulizwa swali hili: "Bwana shamba, tumejichanga tumepata pikapu ya mtumba, tuifunge nini ili ihimili kazi?" Kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya upande wa Magu walikuja na orodha kabisa: ngao ya chuma mbele, winchi, keria juu ya kebini, taa kubwa, tairi pana, na kuongeza majani ya springi nyuma. Orodha nzuri, lakini neno "breki" halikuwemo. Niliwaambia ninachowaambia na ninyi leo: kila unachoongeza kwenye gari ni mzigo kabla ya mzigo, na breki ndo zinaulipia.

1. Anza na hesabu ya uzito

Angalia kitabu cha gari au kadi yake: uzito wa gari tupu, na uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti yake ndo uwezo wako wa kubeba, watu wakiwemo. Tuchukulie pikapu yako inaruhusiwa kilo 900. Sasa toa:

- Ngao ya chuma: kilo 60
- Winchi: kilo 35
- Keria: kilo 40
- Spea tairi ya pili: kilo 30
- Dereva na wasaidizi wawili: kilo 210

Jumla kilo 375. Umebakiwa na kilo 525, yaani magunia matano ya kilo 100, si tisa. Na hayo ni magunia halali. Ukibeba lumbesa ya kilo 130, manne tu yanatosha kujaza nafasi hiyo. Wakala wa Vipimo wanapopiga kelele kuhusu lumbesa, wengi tunawaza bei ya mkulima. Lakini dereva anayehesabu magunia bila kujua uzito wake hajui gari lake litasimama wapi.

Kumbuka pia mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 40 kwenda 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema anakwenda Mwanza bila kusubiri kivuko. Ni neema kubwa kwa mazao yanayooza haraka. Ila lami nzuri inashawishi mguu, na pikapu iliyojaa matikiti haisimami kama taksi.

2. Rudisha breki kwenye hali yake kabla ya "kuboresha"

Pikapu nyingi za mtumba hazihitaji breki kubwa zaidi, zinahitaji zile zile zifanye kazi ipasavyo. Fuata utaratibu huu:

*Oili ya breki.* Oili hii hunyonya unyevu wa hewani. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi joto 230. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140. Ikichemka kwenye mteremko mrefu inatoa mapovu, pedali inazama hadi chini, na gari halishiki. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili, na fundi atoe hewa kwenye magurudumu yote manne. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni na haipatani na hizi.

*Pedi na breki shu.* Pedi ikibaki milimita 3, badilisha, na siku zote badilisha kwa jozi, kushoto na kulia. Nunua pedi za kazi nzito kwa muuzaji anayekupa risiti, kwa sababu spea bandia zipo. Pedi ya bei ya kutupa inaweza kushika vizuri asubuhi gari likiwa tupu, kisha ikalegea mchana ikishapata moto.

*Mipira ya breki.* Ikunje kwa mkono. Ukiona nyufa au uvimbe, weka mipya. Ile yenye wavu wa chuma ni maboresho ya kweli, maana haitanuki unapokanyaga kwa nguvu.

*Kiongeza nguvu cha breki.* Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, ni nzima. Isipozama, mwambie fundi akague. Kwenye Hilux za dizeli za zamani, pampu ya kuvuta hewa imefungwa nyuma ya alternata, na alternata ikibadilishwa kiholela breki zinabaki ngumu kama jiwe.

Angalizo: vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo. Breki shu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa.

3. Vali ambayo wengi hawaijui

Hapa naomba umakini, kwa sababu ndipo gari zuri linapoharibiwa kwa nia njema.

Lala chini ya pikapu, upande wa nyuma, tazama juu ya difu. Kwenye Hilux nyingi na pikapu za aina hiyo utaona fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi. Vali hiyo inapima mzigo. Gari likijaa, bodi linashuka, fimbo inasukuma, na vali inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza ili tairi za nyuma zisijifunge zikakuzungusha kwenye tope.

Sasa umeongeza majani mawili ya springi. Umepakia magunia, lakini bodi halishuki kama zamani. Vali inadhani gari ni tupu! Inazinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule unazihitaji. Breki za mbele zinabeba kazi yote, zinapata moto, na gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Mwenye gari analalamika pedi za mbele zinaisha haraka, anabadilisha pedi, tatizo linabaki.

Wapo mafundi wanaotatua kwa kuiondoa vali kabisa. Usikubali. Siku ukirudi tupu na mvua inanyesha, tairi za nyuma zitajifunga kabla ya za mbele. Suluhisho ni kurekebisha kimo cha fimbo kulingana na springi mpya, na fundi apime kwa geji ya presha. Pikapu nyingi mpya zenye ABS hufanya kazi hii kwa kompyuta, ila uzito unaoruhusiwa haubadiliki. Majani ya springi yanainua gari tu. Hayaongezi uwezo wa kubeba.

4. Tairi pana: zinapendeza, lakini

Ukitoka tairi ya 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 7. Maana yake breki zile zile zinashika kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho, na geji ikikuonyesha 80 wewe uko kwenye 85 na zaidi. Kwa kazi zetu, saizi ya kiwanda yenye meno mazuri inatosha. Soma namba nne za mwisho ubavuni: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi ya mtumba yenye meno mengi lakini imezeeka, achana nayo.

5. Mazingira yetu

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna udongo wa aina zote. Mchanga wa luseni unasaga diski. Tope la mbuga, kule tunakolima mpunga na dengu, linajaa ndani ya rimu na kuganda kwenye dramu. Ukitoka mbugani, osha magurudumu kwa ndani pia. Ukivuka maji, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke, ndipo uingie barabara kuu.

Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo. Ile tabia ya kuweka nyutro eti kuokoa mafuta, tuiache jamani. Injini ni breki ya bure.

Na breki ya mkono isidharauliwe. Anayevuka Rugezi–Kisorya kwenda Ukerewe anaegesha gari lenye mzigo juu ya chombo kinachoyumba. Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, weka vigingi vya magurudumu.

6. Vifaa: kipi kianze?

Breki zikishakuwa sawa, mimi napanga hivi:

1. Pembetatu za tahadhari, kizima moto, na stika za kuakisi nyuma na ubavuni.
2. Ndoano imara ndani ya bodi na mikanda ya kufungia. Matenga yakisogea mbele ukipiga breki, yanavunja kioo cha nyuma ya kebini.
3. Pampu ya upepo na geji yake.
4. Sehemu imara ya kuvutia, mbele na nyuma, na kamba nzuri. Kwa wengi hii inatosha badala ya winchi.
5. Tela, kama unaihitaji. Kwa pikapu nyingi, tela isiyo na breki zake mwisho ni kilo 750, yenyewe na mzigo wake.
6. Ngao, winchi, keria, kama bado kuna nafasi kwenye hesabu ya uzito.

Diski kubwa zaidi, au kubadilisha dramu ziwe diski, ziache mwisho kabisa. Zinagusa rimu, masta silinda na breki ya mkono, na zikifungwa vibaya ni hatari kuliko zilizokuwepo.

Kazi ya kufanya wiki hii

Ukishafunga pedi mpya, zizoeze: kwenye barabara tulivu, punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara nane hadi kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Baada ya hapo pima mahali palipo wazi, gari likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo wako wa kawaida. Weka alama pale unapokanyaga breki, pima kwa hatua mpaka linaposimama, uandike kwenye daftari kama unavyoandika mavuno ya ekari. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Hatua zikiongezeka, gari liingie gereji kabla halijapakiwa tena.

Wale wa Magu walikwenda na mpango huu. Ngao bado hawajanunua. Pesa yake ilinunua oili, pedi, mipira na marekebisho ya ile vali, na nyanya zao zinaendelea kufika mjini.