Kikokotoo kikirudishwa, kinarudi kweli?

SWALI: Desemba 2018 Rais Magufuli aliamuru kikokotoo cha zamani cha pensheni kirudi. Mbona leo wastaafu hawalipwi hivyo?

JIBU: Kilirudi, ila kwa muda. Agizo lilikuwa kitumike hadi 2023, yaani kipindi cha mpito. Wengi walishangilia neno "kirudi" wakasahau tarehe. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya, mkupuo (sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja mtu anapostaafu) ukawa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50.

Hapo ndipo watu hujichanganya: wanaona 40 iko karibu na 50, kumbe asilimia si kitu pekee kilichobadilika. Chukua mtumishi wa kundi hilo la 50 ambaye pensheni yake ya mwaka, kabla ya kutolewa mkupuo, ni shilingi milioni 12. Kwa kanuni ya zamani, nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akaondoka na milioni 93. Sasa asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5: anapata milioni 60. Na bado kuna kigawanyo cha kukokotolea pensheni ya mwaka, kilichotoka 540 kwenda 580, kinachoipunguza hiyo milioni 12 yenyewe.

Pensheni ya kila mwezi, ni kweli, inapanda kutoka laki tano hadi laki sita, tukikiacha hicho kigawanyo pembeni. Mwenye afya njema na nyumba tayari huenda asilalamike. Aliyetegemea mkupuo amalizie kupaua, ana haki ya kununa.

Ofisini kwa mfuko wako wa pensheni, usiulize asilimia tu. Omba uoneshwe hesabu nzima.