SOMO LA ROBO HII: NANI ATAIPOKEA KAZI YA ALIYEJITOLEA?

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, na ninyi wafadhili wetu mlio mbali,

Somo letu safari hii linahusu kujitolea. Najua wengi mtasema hilo mnalifahamu. Hapa Basotu watu hutoka kuchimba mtaro wa bomba la maji au kusomba mawe ya msingi wa darasa, na hakuna anayeulizia posho. Kuanza hakutusumbui. Kinachotusumbua ni hatua ya pili: mtu akishaleta kazi yake, nani anaipokea, anaikagua na kumjibu?

Niseme kwa mfano. Kijana mmoja wa hapa kwetu, akiwa likizo kutoka chuoni, alitutengenezea programu ya kompyuta ya kuandika michango ya maji. Aliifanya bure, usiku usiku. Kamati ilimpigia makofi, ikaifungia kompyuta ofisini, na kwa mwezi mzima hakuna aliyeijaribu. Kila alipouliza aliambiwa "tunalishughulikia". Akarudi chuoni. Siku tulipobadilisha kiwango cha mchango, programu ikagoma, na kwenye simu hakupatikana tena. Tukamlaumu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolaumu.

Zipo programu zinazotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na zikaendelea kuishi miaka mingi. Huitwa programu huria: maandishi yake yako wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Hata takwimu za zahanati zetu, zile zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA, huishia katika mfumo wa namna hiyo uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwei, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa muda mrefu. Leo lakini tutajifunza kwa programu nyingine, Django, kwa sababu wenyewe wameandika hadharani jinsi walivyojipanga, na pale waliposhindwa pia.

Django ni kiunzi cha kujengea tovuti. Fikiria fundi anayekuta nguzo na kenchi zimeshasimama. Kilichobaki kwake ni kuta na milango. Ilianzia katika chumba cha gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 2003, kazi ya Adrian Holovaty na Simon Willison. Julai 2005 ikatolewa bure kwa umma. Mwaka 2008 ikaundwa taasisi isiyo ya faida ya kuitunza. Wachangiaji wakaongezeka, na hapo ndipo shida ilipoingia.

Walioleta marekebisho walikuwa wengi. Waliokuwa tayari kuketi na kusoma marekebisho ya wenzao walikuwa wachache. Ni rahisi kuelewa kwa nini: kuandika kitu kipya kuna raha yake na jina lako linaonekana, lakini kukagua kazi ya mwingine ni kama kuhesabu sadaka baada ya ibada, lazima ifanyike na hakuna anayekuimbia. Kazi zikarundikana. Na aliyeleta kazi asipojibiwa harudi tena.

Walifanya mambo kadhaa, na baadhi yake kamati yoyote inaweza kuyaiga bila kompyuta. Kila tatizo hufunguliwa jalada lake, na jalada hupita hatua zinazojulikana: halijaangaliwa, limekubaliwa, liko tayari kuingizwa. Anayetaka kusaidia huona mara moja jambo limekwama wapi. Mtu haruhusiwi kuipitisha kazi yake mwenyewe. Lazima mwingine aikague. Marekebisho yanapaswa kuja na majaribio ya kuthibitisha kwamba yanafanya kazi, na maelezo pale mambo yanapobadilika kwa mtumiaji. Kazi nyepesi hutiwa alama ili mgeni apate pa kuanzia. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miezi minane. Kisichokuwa tayari kinasubiri toleo lijalo, wala msafara haumngoji mtu mmoja.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilihusu fedha. Mwishoni mwa mwaka 2014 taasisi ilianza kutumia michango ya wahisani kumlipa mtu, Tim Graham. Hakuajiriwa kubuni mambo mapya. Aliajiriwa kupokea: kuchambua majalada, kusoma kazi za waliojitolea, kuwajibu na kuandaa matoleo. Nafasi hiyo imeendelea hadi leo, ikishikwa na wengine baada yake. Wengi bado wanajitolea. Anayelipwa ni yule anayehakikisha kujitolea kwao hakupotei.

Mwaka 2020 walikwenda mbali zaidi. Lile kundi la "wajumbe wa kiini" lenye haki ya kuingiza marekebisho lilivunjwa. Walikuwa wamegundua kwamba wengi wa wajumbe hao walikuwa na cheo tu huku kazi yenyewe ikifanywa na wale wawili wanaolipwa, na kwamba cheo hicho kiliwatisha wageni waliojiona hawakifikii. Zikabaki nafasi chache zenye kazi iliyotajwa wazi. Nikisoma hapo nilizikumbuka kamati zetu zenye majina kumi na mawili ukutani na watu watatu kwenye kikao.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Django barani Afrika ulifanyika Zanzibar, na Agosti 2025 ukaja Arusha.

Kwenu wafadhili nina neno moja, mtaniwia radhi. Wazee wa Basotu wanayakumbuka mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyojengwa kwa msaada wa Kanada. Matrekta na mashine za kuvunia zilikuja, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho. Mashine hupigwa picha vizuri. Mtu anayesoma daftari la fundi wa kujitolea na kumjibu ndani ya wiki moja hapigiki picha, na katika maombi yetu ya fedha ndiye wa kwanza kufutwa. Robo hii tumemwacha ndani ya bajeti: mtu mmoja, siku mbili kwa wiki. Tunaomba msimwondoe.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya:

1. Taja kazi tatu za kujitolea zilizoletwa parokiani mwaka huu. Nani alizikagua, na aliyeleta alijibiwa baada ya siku ngapi?

2. Katika kamati yenu, nani ana cheo bila kazi, na nani ana kazi bila cheo?

3. Mgeni akija Jumatatu akasema "nataka kusaidia", mtampa kazi gani nyepesi siku hiyo hiyo?

4. Yule kijana wetu akirudi likizo ijayo, nani atakaa naye kuijaribu programu?