Somo la Afya: Joto la Kaskazi, Maji Kwanza



Somo letu la leo lawahusu wachumaji na waanikaji wote. Msimu wa karafuu ukichelewa hukutana na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, na jua huwa kali. Mwaka mmoja hapa Mgogoni nilimwona kijana aliyekuwa akigeuza karafuu jamvini tangu asubuhi. Ilipofika saa saba akaanza kuropoka, akapepesuka, akaanguka. Wako waliosema ni homa, wakamfunika kanga mbili. Wako waliosema kaingiwa na pepo, wakatuma mtu amwite mwalimu. Mtungi wa maji ulikuwa hatua kumi tu, wala hapana aliyeugusa, hata mimi. Mzee mmoja mpita njia ndiye aliyefunua zile kanga akammwagia maji. Kijana alipona, alhamdulillahi, lakini mpaka leo najilaumu.

JOTO HUDHURU VIPI?

Mwili wa mtu mzima una joto la digirii 37 hivi. Afanyapo kazi joto huzidi, na mwili hujipoza kwa jasho. Lakini kinachopoza ni kule kukauka kwa jasho, na hewa ya kisiwa chetu ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka bila kukauka. Basi tusidanganyike kwamba hatari hii ni ya Bara Arabu tu. Joto la mwili likifika digirii 40 na kuzidi, ubongo na figo huanza kuharibika, na mtu aweza kufa.

DALILI

Hatua ya kwanza ni kuchoka kwa joto: jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Akili bado ni timamu. Aliye juu ya mkarafuu ashuke mara aonapo kizunguzungu, asingoje kujaza pakacha. Akae kivulini, alegeze nguo, anywe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu kwa nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

Hatua ya pili ni kupigwa na joto hasa. Alama yake kubwa ni akili kupotea: mtu huropoka, hajui alipo, hupata degedege au huzimia, na mwili wake ni moto sana. Ngozi yaweza kuwa kavu, na yaweza pia kuwa na jasho.

LA KUFANYA

1. Mtieni kivulini, mvueni nguo nzito. Msimfunike.
2. Mmwagieni maji mwili mzima, tena na tena, huku mwingine akimpepea kwa kipepeo. Wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, makwapani na kwenye manena.
3. Mtu mmoja atafute gari wakati wengine wanamwagia maji. Njiani pia endeleeni kumpoza. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa.
4. Asiye na fahamu msimnyweshe kitu, mlazeni ubavu.
5. Msimpe panadoli wala aspirini. Dawa hizo hushusha homa, na hii si homa.

Kisomo hakikatazwi, ila maji yatangulie. Hospitali watapima pia kama ana malaria.

KUZUIA

Karafuu ndiyo inayohitaji jua, si mwanikaji. Aanike asubuhi, kisha akae kivulini, atoke kugeuza kwa muda mfupi na kurudi. Kuchambua kufanywe chini ya mti. Oman, waliko jamaa zetu wengi, sheria inakataza kazi za nje baina ya saa 6 na nusu na saa 9 na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Nasi tunaweza kujiwekea saa zetu.

Mchumaji analipwa kwa kipimo, kwa hiyo hatapumzika kwa hiari yake. Hili ni jukumu la mwenye shamba: aweke maji karibu na kila kundi, na kila mtu anywe kikombe kila baada ya dakika 20 hivi, asingoje kiu. Mgeni wa kazi aanze kwa saa chache, kwani mwili huhitaji wiki moja au mbili kulizoea joto. Wazee, wajawazito, wenye kuharisha, na watumiao dawa za presha waangaliwe zaidi. Ramadhani ikiangukia kaskazi, kazi nzito ifanywe alfajiri. Na aliyezidiwa na joto ni mgonjwa, sheria yetu inamruhusu kufungua na kulipa baadaye.

Tukumbuke Hija ya mwaka 2024. Serikali ya Saudia ilitangaza mahujaji 1,301 waliofariki, wengi wao wasio na vibali, waliotembea mbali juani bila kivuli wala mapumziko. Kivuli na mapumziko sisi tunavyo. Tusivikose kwa uzembe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jasho halitupozi vizuri wakati wa unyevu?
2. Ni alama gani inayotenganisha hatua ya kwanza na ya pili?
3. Shambani kwako, maji yako hatua ngapi kutoka jamvini?

Swali la tatu lijibiwe kwa miguu, kabla ya msimu.

Wassalaam,
Katibu