SOMO: MASHINI YA UMEME YA KUKATA MAJANI, NA JICHO LAKO

Ndugu musomaji, majani marefu karibu na nyumba hayafai. Nyoka anapita ndani yake na hatumuoni. Mikebe na vipande vya chupa vinajificha mule, na mutoto anakanyaga na kuumia. Kwa hiyo ni vema kuyakata. Lakini fahamu neno moja: mbu wa malaria anazaa katika maji, si katika majani. Hata kama kiwanja chako ni safi sana, lala ndani ya chandarua.

Tangu zamani tunakata majani kwa mupanga. Siku hizi watu wengi wanataka mashini ya umeme yenye uzi. Mutu mumoja wa Houston katika inchi ya Marekani, jina lake George Ballas, aliitengeneza mara ya kwanza mwaka wa 1971. Alikuwa ametazama brashi za mashini ya kuosha motokari zikizunguka, akapata wazo. Mashini hii haina kisu. Ina uzi wa nailoni unaozunguka mara maelfu kwa dakika. Kwa sababu ya mbio ile uzi unakazana kama fimbo na kukata majani. Lakini mbio ile ile inarusha mawe. Usisahau neno hili wakati unapochagua.

1. Pima kiwanja chako kwanza

Kama kiwanja chako ni udongo wa kufagia, na majani ni machache tu kando ya ukuta, mupanga unatosha. Weka feza yako kwa kazi ingine. Kama kiwanja ni cha metre 15 kwa 20, chenye majani laini, mashini ndogo inafaa: ile inayokata upana wa santimetre 25 mpaka 30. Kama ni pori lenye miti midogo na matete, mashini ndogo ya umeme haitaweza. Motere yake itaungua.

2. Kamba ya umeme ao batri?

Mashini yenye kamba ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini inataka umeme saa ile ile ya kazi. Kamba ya kurefusha iwe nzima, ya kazi ya inje, yenye nyuzi za milimetre 1.5 za mraba ao zaidi. Usiunge nyuzi tupu kwa mikono. Kama kamba imezungushwa kwenye gurudumu lake, ifungue yote, kwa maana ikibaki imezungushwa inapata moto. Ipitishe nyuma yako, usiikate. Umeme na maji vinaua: usikate majani yenye umande ao mvua. Ngojea jua liyakaushe. Ni vema tena fundi aweke kwenye nyumba chombo kinachokata umeme upesi unapopotea njia, kile cha miliampere 30.

Mashini ya batri haina kamba. Pahali umeme unapokuja na kupotea, unaijaza wakati umeme upo, unakata majani wakati mwingine. Lakini batri ndogo inafanya kazi karibu nusu saa tu, na batri ya pili ni ya bei kubwa. Uliza bei yake mbele ya kununua mashini. Usijaze batri juu ya kitanda wala karibu na moto, na kama imevimba usiitumie tena.

3. Mambo ya kutazama dukani

Soma kibao kidogo juu ya mashini. Umeme wa inchi yetu ni volti 220. Mashini zingine zinatoka Marekani, nazo ni za volti 120. Ukizitia katika prizi yetu zitaungua.

Tazama kama ngao ya plastiki iko karibu na uzi, tena ni nzima. Bila ngao, usinunue.

Ishike kwa mikono miwili, simama wima. Kama inakulazimisha kuinama, mugongo utauma. Chagua ile ambayo mupini wake unarefuka.

Uliza kama uzi wake unauzwa katika muji wako, na unene gani. Uzi munene kuliko ule ulioandikwa unachokesha motere.

Watu wengine wanapokosa uzi wanafunga waya wa freni ya kinga ao munyororo. Usifanye hivi hata siku moja! Chuma kinakatika na kuruka kama risasi. Mwaka wa 2012 Umoja wa Ulaya ulikataza minyororo kama hii kwenye mashini za kukata majani, kwa sababu iliua mutu.

4. Miwani ni sehemu ya mashini

Unapohesabu feza, hesabu pamoja miwani ya kazi inayofunika jicho mbele na kando. Kama feza haitoshi vyote viwili, ngojea. Miwani ya jua na ya kusoma haitoshi. Vaa viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, na kama kelele ni kubwa ziba masikio. Ondoa mawe na chupa kwanza. Watu wote, zaidi watoto, wakae mbali metre 15.

Linda miti yako vilevile. Uzi ukizunguka ganda la muavoka ao mulimao mudogo, muti utakufa.

5. Kama jicho limeumia

Kama ni vumbi tu, usilisugue. Lioshe kwa maji safi mengi. Kama kitu kimetoboa jicho, usikiondoe, usilioshe, usilikaze. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, na uende hospitali siku ile ile.

Kama jani limekwaruza jicho tu, usidharau. Kuvu inaweza kuingia katika kidonda kile kidogo, alama nyeupe inatokea, na jicho linapofuka. Usitie maji ya majani, wala mukojo, wala maziwa ya mama. Usitie dawa yenye kortizoni uliyouziwa bila munganga kukutazama. Inapunguza uchungu lakini kuvu inazidi kukua.

Ndugu, majani yaliyokatwa vibaya yataota tena juma lijalo. Jicho halioti tena.

MAULIZO

1. Kwa nini kukata majani hakutoshi kufukuza malaria?
2. Kiwanja chako kina metre ngapi? Kinahitaji mashini ao mupanga?
3. Kwa nini tusifunge waya pahali pa uzi?
4. Utafanya nini kama kitu kimetoboa jicho la jirani yako?