SOMO: FUNGA FREMU, SI GURUDUMU PEKE YAKE

Kikundi kikimkopesha mwanachama pesa za baiskeli ya kuendea kazi, halafu iibiwe nje ya kazini, baiskeli imekwenda lakini deni liko palepale. Kwa hivyo hili ni jambo letu sote.

Black Mamba nyingi huwa na kufuli ya duara kwenye gurudumu la nyuma. Kufuli hiyo inazuia gurudumu kuzunguka, basi. Mwizi hana haja ya kuifungua. Anabeba baiskeli begani, na kufuli ataivunja huko kwake pole pole.

Nunua mnyororo na kufuli nyingine. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma, halafu uuzungushe kwenye nguzo ndefu ama mti. Fensi ya waya haifai, koleo inaikata mara moja. Ukifunga gurudumu la mbele tu, mwenye spana atalegeza nati mbili, na jioni utakuta gurudumu likikungoja na kufuli yake! Tena mnyororo usilale chini, maana hapo ni rahisi kuugonga kwa nyundo. Hakuna nguzo? Fungeni baiskeli mbili tatu pamoja.

Angalia chini ya pedeli ama karibu na kiti: kuna namba imegongwa kwenye chuma. Katibu aiandike kitabuni. Polisi wakipata baiskeli kumi nyeusi, utaonyesha yako kwa nini?

Zungumzeni: Ni wangapi kati yenu wanaacha baiskeli mahali pamoja? Mnaweza kumlipa mlinzi mmoja?