Konvertisa na motere: shurti zilingane

Mtu anaweza kuuliza: bwate ya vitesi inaingia namna gani katika ukurasa wa afya? Jibu ni fupi. Mafundi wanapotoa bwate katika sharjezi moja na kuifunga katika nyingine, kosa lao linaweza kufika kwetu dispanseri: ngozi iliyoungua, ama kifua kilichojaa moshi.

Konvertisa ni nini? Ni chombo cha chuma cha mviringo, kimejaa mafuta, kinakaa katikati ya motere na bwate. Ndani mna vipande vitatu vyenye mabawa. Cha kwanza, pompi, kinazungushwa na motere na kutupa mafuta. Cha pili, turbini, kinapigwa na mafuta hayo na kuzungusha bwate. Cha tatu, statore, kinageuza mafuta yanayorudi ili yasaidie pompi. Ndipo nguvu inaongezeka wakati mashine inaanza kusukuma mawe. Aliyevumbua njia hii ni Hermann Föttinger, injinia wa Ujerumani, mwaka 1905, kwa ajili ya meli.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukizuia turbini isizunguke, motere hata ikipewa mazuti yote itapanda mpaka mwendo fulani, kisha itakwama pale. Huo ndio mwendo wa kukwama, nao unaonyesha kama vitu hivi viwili vinalingana. Tuchukue mfano. Konvertisa inakwamisha motere ya nyutoni-meta 600 kwenye mizunguko 1800 kwa dakika. Ifungeni kwenye motere ya nyutoni-meta 900: mwendo wa kukwama utapanda karibu 2200. Motere inalia, mashine haisogei, mafuta yanachemka. Hiyo tunaiita konvertisa legevu.

Kinyume chake kipo pia. Konvertisa iliyotoka kwenye motere kubwa, ikifungwa kwenye motere ndogo, inaibana. Motere inashindwa kupanda, na kila ndoo ikiingia katika mawe inatoa moshi mweusi. Juu ya udongo upepo unausaidia. Chini ya mgodi moshi ule unaingia katika mapafu ya shoferi na ya wenzake wote wa galeri ile. Mwaka 2012 CIRC, ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza kansa, iliweka moshi wa motere za mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu, hasa ya mapafu. Basi shoferi akisema, «Kapita, mashine hii inavuta moshi tangu ibadilishwe bwate», asiambiwe kwamba anakimbia kazi.

Wengine wanasema: matundu ya bolti yanalingana, basi inafaa. Hapana! Konvertisa pana zaidi kwa sehemu 10 tu juu ya 100 inadai nguvu zaidi kwa karibu sehemu 60 juu ya 100, kama mabawa ni ya namna moja. Na mbili za upana mmoja zinaweza kuwa na mabawa yaliyoinama tofauti, ambayo jicho la nje haliyaoni. Shurti kusoma namba iliyopigwa kwenye chuma na kuifananisha na kitabu cha motere. Tena wakumbuke pompi za ndoo, maana nazo zinakula nguvu ya motere ile ile.

Joto linatoka wapi? Turbini ikisimama kabisa, nguvu yote inayoingia katika konvertisa inageuka kuwa joto. Kilowati 150 katika litri 40 za mafuta zinapandisha joto karibu digri 2 kila sekunde. Sekunde 10, digri 20! Ndiyo sababu jaribio la kukwama linafanywa kwa sekunde chache tu zilizoandikwa katika kitabu, mahali peupe, freni zimefungwa, kale ziko chini ya magurudumu, na hakuna mtu mbele wala nyuma. Kisha vitesi inarudishwa katikati, na motere inazunguka bila mzigo mpaka mafuta yapoe. Katika mashine nyingi mafuta yakipita digri 120 ni hatari. Mpira wa zamani unaweza kupasuka, na mafuta yakimwagika juu ya bomba la moshi lenye moto, yanawaka.

Msifungue kizibo cha mafuta mara tu mashine imesimama. Maji ya digri 70 yanaunguza ngozi kwa sekunde moja tu. Mafuta ya digri 100 ni mabaya zaidi, kwa sababu yananata na kuendelea kuunguza.

Mtu akiungua, vueni haraka nguo iliyolowa mafuta, na pete au saa kabla ya kuvimba. Kilichoshikamana na ngozi kisivutwe. Mwagieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Dakika 2 hazitoshi, hata kama mwenyewe anasema amepoa. Msipake dawa ya meno, mayai, wala mawese. Dispanseri tunapoteza wakati kuyaosha, na kidonda kinaingia uchafu. Akina mama, ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyemwagikiwa na mafuta ya kukaanga au maji ya bukari, lakini sehemu nyingine ya mwili wake ifunikwe asishikwe na baridi. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi. Aliyeungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, aletwe siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.