Urithi wa Ndugu Hauuzwi na Mtu Mmoja

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Mwanzo 23; Hesabu 27.1-11, Ruthu 4.1-12, 1 Wafalme 21, Yeremia 32.6-15, Luka 12.13-15.



Somo hili tunaliandika kwa sababu ya parseli na mashamba. Hapa kwetu Kivu wako watoto wa tumbo moja wanaokuja katika ibada moja, wanapokea baraka moja, na hawasalimiani, kwa sababu mmoja aliuza mahali pa baba bila wengine kujua. Ukiwauliza, kila mmoja ana karatasi yake. Basi tuliangalie jambo hili kwa Neno la Mungu na pia kwa sheria ya nchi, maana wengi wanapotea kwa kutojua.

Tunapohubiri juu ya Nabothi tunazoea kusema sana juu ya ubaya wa Yezebeli, na jibu la Nabothi mwenyewe tunalipita haraka. Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alitoa bei: shamba lingine lililo bora, au feza. Kwa macho ya biashara ilikuwa faida. Nabothi alikataa kwa kuwa lile shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Lilikuwa mkononi mwake, lakini halikuwa lake peke yake. Kisha tazameni njia ambayo Yezebeli alipita: barua, muhuri wa mfalme, mashahidi wawili. Kila kitu kilikuwa kamili kama katika ofisi. Muhuri ulikuwa wa kweli, maneno ndiyo yalikuwa ya uongo. Anayejivunia karatasi aanze kwa kuuliza ni nani aliyeiandika, na wenye haki walikuwa wapi siku hiyo.

Tuchukue mfano ambao kila parokia inaufahamu. Baba anakufa, anaacha nyumba, kiwanja na shamba kijijini. Karatasi zinabaki katika sanduku la mzaliwa wa kwanza. Mwaka unapita, hakuna kikao cha kugawa. Siku moja mama mjane anaamka, anakuta watu wanashusha matofali na mchanga nyuma ya jiko lake: yaya ameuza nusu ya kiwanja. Akiulizwa, ana majibu matatu. Ndiye aliyelipa sanduku la maiti na chakula cha matanga. Ndiye aliyelipia wadogo masomo. Tena yeye ndiye mkubwa.

Majibu mawili ya kwanza si ya kudharau. Mtu aliyetoa feza nyingi kwa matanga ya baba ana haki ya kusema mbele ya ndugu kwamba anadai, na deni hilo lihesabiwe. Lakini deni linasemwa katika kikao, halijilipi lenyewe usiku. Jibu la tatu ndilo linaloharibu jamaa nyingi. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaja kweli mkubwa wa warithi: yeye ndiye anayepewa kazi ya kusimamia urithi, na akikataa, warithi wanamchagua mwingine. Kazi yenyewe ni kuandika mali yote, kulipa madeni, na kumpa kila mmoja fungu lake. Ni mtumishi wa urithi. Hakuna mahali panaposema kwamba mali imekuwa yake.

Na mafungu yenyewe? Watoto wanapata robo tatu za urithi, kwa sehemu zilizo sawa. Msichana anahesabiwa sawa na mvulana, na mtoto aliyezaliwa nje, kama baba alimtambua alipokuwa hai, anahesabiwa pia. Robo inayobaki ni ya mjane au mume aliyebaki, ya wazazi wa marehemu, na ya ndugu na dada zake. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Wale wanaosema kwamba binti harithi kwa kuwa ameolewa kwingine wasome habari za mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao. Mungu mwenyewe alisema wana haki.

Baba mdogo naye asikie neno lake. Katika sheria, yeye kama ndugu wa marehemu yumo katika ile robo tu; baba mdogo, shangazi na mjomba wa marehemu mwenyewe ndio kundi la tatu: wanarithi tu ikiwa makundi mawili ya kwanza hayako. Desturi ilimpa baba mdogo kulinda shamba mpaka watoto wa ndugu yake wakue. Kulinda si kuuza.

Kijijini kuna ugumu mwingine. Katika Bushi wazee wetu walijua kalinzi na bwasa. Kalinzi ilitolewa na mwami au mkubwa wa kilima kwa kupokea ng'ombe, na aliyeipata aliwaachia watoto wake. Bwasa ilikuwa ya kulima kwa muda tu, mazao ya msimu, bila kupanda migomba wala miti. Leo mtu ambaye babu yake alipewa bwasa anauza kama vile ni kalinzi, na wazee waliokuwapo wamekufa. Au mkubwa wa kilima anampa tajiri wa mjini shamba ambalo lilikwisha kutolewa kwa jamaa fulani zamani za babu zao. Tena, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia kwa hati. Basi ndugu mmoja mwenye akili za mjini anakwenda kutafuta hati kwa jina lake peke yake, na wengine wanabaki kijijini wakitegemea desturi. Hivi ndivyo kesi nyingi zinavyozaliwa. Hati ikikwisha kutolewa kwa hila au kwa makosa, sheria inaruhusu kuomba tribinali iifute, lakini katika miaka miwili tangu ilipotolewa. Tunalirudia: miaka miwili. Wako waliongoja kwa heshima ya yaya yao mpaka siku zikapita.

Anayenunua asijifariji haraka. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888 inasema kuuza kitu cha mwingine ni bure, ni kama hakuna lililouzwa. Na sheria ya makosa inamwadhibu anayeuza nyumba au ardhi isiyo yake. Mnunuzi anaweza kumdai muuzaji hasara yake, lakini mara nyingi feza imekwisha kuliwa. Ibrahimu alinunua Makpela mbele ya watu wote wa mji, mlangoni: shekeli 400 zikapimwa, pango, shamba, miti na mipaka vikatajwa. Alipewa bure, akakataa. Boazi alimwita kwanza ndugu wa karibu, mbele ya wazee kumi. Yeremia alilipa shekeli 17, akaweka mashahidi, na hati zikatiwa katika chombo cha udongo. Hakuna hata mmoja aliyenunua gizani. Nasi tukinunua, tuketi na jamaa nzima, mama akiwamo, na dada walio mbali wapigiwe simu. Tuwaulize majirani wa mipaka. Tuende wenyewe katika ofisi ya hati za ardhi kuona jina lililoandikwa. Bei ikiwa ndogo mno, tuulize kwa nini.

Sasa tuje nyumbani mwa Mungu. Mara nyingine ndugu mwenye moyo mzuri anatoa kiwanja cha kujenga kanisa, na parokia inashangilia, nsinsani inapigwa, misingi inachimbwa. Tunasema wazi: kama ni cha urithi, na ndugu zake hawajatia sahihi, zawadi hiyo isipokelewe, hata kama tunasali chini ya mti. Na mzee wa kanisa asitie sahihi ya ushahidi katika mauzo ambayo warithi wote hawakusikilizwa. Upendo, Amri na Kazi vinakwenda pamoja. Tusimshuhudie mmoja katika kuvunja amri, halafu tukawahubiri wengine upendo.

Bwana Yesu alikataa kuwa mgawanyi wa urithi wa ndugu wawili. Kwa hiyo mchungaji si hakimu. Anaweza kuwakalisha, kuwasikiliza na kuandika walilopatana. Wasipopatana, kwenda tribinali si dhambi. Kwenda kwa mganga juu ya shamba ndiyo dhambi, na Papa Simon Kimbangu alituondoa huko tangu 1921. Hata kusema kwamba mjane amemwua mume wake kwa uchawi, ili afukuzwe katika nyumba, ni wizi uliovaa nguo nyingine.

Lililo gumu zaidi ni hili: muuzaji, mnunuzi na warithi wote ni wa parokia moja. Katika vikundi mtalizungumza. Sisi tunashauri hivi: mnunuzi asimamishe kujenga siku ileile anapojulishwa, si baada ya kufunika mabati. Muuzaji akiri mbele ya ndugu kiasi alichopokea na alichokwisha kutumia. Akiwa hana feza, fungu lake mwenyewe katika urithi lihesabiwe kwanza, nalo litumike kumrudishia mnunuzi. Linalobaki alirudishe kidogo kidogo kila mwezi, katika daftari litakalotunzwa na mtu asiye wa jamaa yao, na mama mjane awe wa kwanza kuonyeshwa daftari hilo.